Wauza taa za kitandani Kariakoo, mnatuonaje lakini?

Wakuu habari za usiku, naombeni nitoe dukuduku maana nikikaa nalo nitapasuka. Hivi ni lazima kila taa ya LED inayouzwa mji huu iwe na mwanga wa chumba cha upasuaji???

Mi nina taa ya zamani ya halojeni, ile ya kibalbu kidogo cha pini mbili, volti 12 wati 20, na katransfoma kake ka elektroniki kwenye waya. Mwanga wa njano mtamu, unasoma mpaka saa sita macho hayaumi. Shida yake moto. Kile kibalbu kikiwaka hukigusi, na hata kikiwa kimezimwa ukikishika kwa vidole vitupu mafuta ya mkono yanabaki kwenye kioo, siku kikiwaka na kupata joto kinakufa mapema. Sasa moto huo uuweke ubavuni mwa chandarua, na Dar hii ukilala bila neti umejitakia malaria mwenyewe, mama watoto kila siku kelele tutaungua humu ndani. Sawa, nikakubali tubadili.

Fundi wa mtaani akasema usinunue taa mpya, toa kibalbu weka cha LED cha pini hizohizo. Kikawa kinapepesa kama kimerogwa, kumbe transfoma nyingi za aina ile zinataka mzigo wa kutosha ndo zitulie, ukiipa LED ya wati 2 inachanganyikiwa.

Haya, Kariakoo. Boksi limeandikwa "wati 5 sawa na wati 50". Wati 50 za nini, za pasi? Lumeni, kile kipimo cha wingi wa mwanga, hawaandiki! Mi nataka lumeni 300 hivi, ndo kadirio la ile halojeni yangu, LED ya wati 3 au 4 inazitoa bila jasho. Kamuulize sasa muuzaji lumeni ngapi uone atakavyokutazama. Ya njano? Hakuna, zote 6500K (hiyo K ni namba ya rangi ya mwanga, ikiwa ndogo ndo njano), nyeupe ya kubluu, mwanga ambao usiku unauchelewesha mwili kujua kwamba ni muda wa kulala. Dogo ananiambia "bosi huu ndo mwanga, unaona mpaka sisimizi". Mdogo wangu mi sitafuti sisimizi, nataka kulala!

Duka la pili wananiimbia habari ya LUKU, utaokoa hela bosi. Wati 20 masaa mawili kila usiku ni uniti 1.2 kwa mwezi, hiyo hela ya kuokoa iko wapi hapo?

Mwishowe nikapata moja boksi limeandikwa 3000K kabisa, 35,000, nikalipa. Nafika nyumbani nawasha, nyeupe peee! Ukipunguza mwanga ndo inaanza kuchezacheza, nikaielekezea kamera ya simu naona mistari myeusi inapanda tu kwenye kioo, yaani inawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kushika, ndo maana kichwa kilikuwa kinagonga. Nikasema basi nifungue nibadili balbu tu, hamna balbu! Vidoti vya LED vimechomelewa kwenye kibati na kibati kimegundishwa, kikifa unatupa taa nzima. Kurudisha dukani kaninyooshea kidole kwenye risiti, mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa kama ndani ya boksi hakuna kilichoandikwa nje nilinunua nini, boksi???

Haya mwenye kujua duka linalouza taa ya mezani yenye holda ya kawaida, ya pini au ya kuzungusha zote sawa, ili balbu ya 2700K nijitafutie mwenyewe, na muuzaji anakubali kukuwashia uione kabla hujalipa, aseme hapa au aje PM. Na asije mtu kuniambia ninunue ile ya rimoti inayobadilika rangi saba, mi sina baa chumbani.