Naombeni ushauri: kijana wangu wa darasa la saba anavurugwa na pembetatu pacha

MamaWawili_Mbagala
Habari zenu wanajukwaa. Kijana wangu yuko darasa la saba, hesabu za kawaida anakimbiza vizuri tu ila akifika kwenye pembetatu pacha, zile zenye pande mbili zinazolingana, anavurugwa kabisa. Ukimchorea imesimama, ncha juu, anakwambia fasta hii pacha na pembe za chini ziko sawa, sasa ilaze ubavu uone, anashika tu zile pembe mbili zilizo chini kwenye karatasi anasema ndo zinalingana wakati pande zenye vile vialama vya kulingana ziko kwingine kabisa. Juzi kapewa pande mbili za pembetatu pacha, sm 4 na sm 9, atafute mzingo, kaandika 17. Mtihani wa taifa mwezi wa tisa, tuisheni anaenda lakini kule watoto ni wengi mno. Nyumbani nianzie wapi jamani?

mwl_chaki
Dada shikamoo. Huyo kakariri picha, na wengi wako hivo maana ubaoni tunawachorea ileile kila siku. Kitako cha pembetatu pacha sio upande wa chini, ni ule upande wa tatu usiolingana na wenzie, popote ulipo, na pembe zinazolingana ni zile mbili zinazokaa kwenye ncha za huo upande. Mpe karatasi, akunje katikati, achore mstari wa mshazari kuanzia kwenye mkunjo mpaka kwenye ukingo unaokutana na mkunjo, akate hapohapo kwenye mstari afu afungue ile pembetatu. Pande mbili zililaliana wakati wa kukata kwaiyo lazima zilingane na pembe zake nazo zililaliana. Baada ya hapo aigeuzegeuze mezani na kila akigeuza akuoneshe kitako kiko wapi, asipewe hesabu nyingine mpaka hapo pakae sawa. Ile ya 17 mpe vijiti vya mshikaki, viwili vya sm 4 na kimoja cha sm 9, ajaribu kuvifunga.

FundiPaa_Kimara
Mimi napaua nyumba, naongezea hapo. Watoto wanadhani pacha lazima iwe ndefu imechongoka. Kenchi ya paa la kulala, mbao mbili za juu zinalingana, na pale zinapokutana pembe ni butu, inavuka nyuzi 90, na bado ni pacha. Muoneshe paa za mtaani kwenu, hakuna mtaa unakosa.

kibwagizo
Na mkumbushe pembe ikitajwa bila kuambiwa ni ya wapi asikimbilie jibu moja. Wakisema pembe moja ya pembetatu pacha ni nyuzi 40 inaweza kuwa ile ya kileleni, pale pande zinazolingana zinapokutana, zingine zikawa 70 na 70, au ikawa ya kitakoni, zikawa 40 na 100. Wakisema 100 hapo hakuna mjadala, iko kileleni tu, zilizobaki 40 na 40, maana 100 mbili zinavuka 180.

Binti_Tandika
Mi niliambiwa pembetatu yenye pande zote tatu sawa sio pacha, ni kitu kingine. Imekaaje hii?

mwl_chaki
Euclid miaka kama 300 kabla ya Kristo aliitenga kweli, alisema pacha ni yenye pande mbili tu sawa. Wanahisabati wa siku hizi wengi wanasema angalau mbili, kwaiyo yenye tatu nayo imo ndani. Mtoto afuate kitabu chake kilivyoandika, ila ajue kila alichothibitisha kwenye pacha kinafanya kazi na huko.

MamaWawili_Mbagala
Marahaba mwalimu, asanteni sana wote. Vijiti tumejaribu jioni hii, vile vya 4 havikutani kabisa, 4 na 4 ni 8 haifiki 9. Kabadilisha mwenyewe bila kuambiwa, 9 na 9 na 4, mzingo 22. Karatasi bado anaigeuza ila sasa anatafuta kwanza pande zinazolingana. Nimpe nini kingine?

mwl_chaki
Safi sana. Kesho mchoree duara, kitovu O, afu weka A na B kwenye mzingo, unga OA, OB na AB, pembe ya pale O iwe nyuzi 80. Atafute pembe ya A. Usiweke vialama vyovyote vya kulingana, aone mwenyewe kwamba OA na OB zote ni nusu kipenyo. Jibu ni 50, usimwambie, akikwama muulize tu pande zipi zinalingana.