Nimelipa bima ya mvua ya mawe msimu mzima, kwangu haikudondoka hata punje. Nikate tena?

Mlima_Kanola

Wakuu, habari za leo.

Nipo kusini mwa mkoa wa Saskatchewan, Kanada, mwendo wa kama saa moja kutoka Swift Current. Nilikuja kama kibarua wa shamba, huu mwaka wa sita. Msimu uliopita mzee ninayemfanyia kazi alinikodishia robo mbili nilime mwenyewe kwa mashine zake. Kwa wasiojua, ardhi ya huku imepimwa kama ubao wa drafti: seksheni moja ekari 640, robo ekari 160. Kwa hiyo nilikuwa na ekari 320, zote kanola, zao la mbegu za mafuta ya kupikia.

Mzee akaniambia, "Kanola bila bima ya mvua ya mawe usiipande." Nikakata. Kinga ya dola 300 kwa ekari, na kiwango cha ada cha eneo letu nilichopewa na wakala ni asilimia 6 ya kinga hiyo, yaani dola 18 kwa ekari. Jumla dola 5,760. Kwa mtu anayeanza, hiyo ni pesa ya mbolea.

Katikati ya Julai, jioni, wingu likaja rangi ya kijani kama maji ya bwawa. Tukasikia mngurumo ambao si radi, kama lori la kokoto linamwaga mbali. Asubuhi nikaenda shambani moyo uko mdomoni. Jirani yangu ng'ambo ya barabara ya changarawe, kanola yake ilikuwa kwenye maua, imelala chini yote, na hewa inanuka sukuma wiki iliyokatwakatwa. Mimi? Ua halijapukutika. Barabara tu ndiyo iliyotutenganisha.

Mke wangu ni mtu wa Tabora, hana maneno mengi. Alisema, "Umelipia mvua ya jirani."

Sasa wakala ameanza kupiga simu tena. Na bima ya mazao ya mkoa ninayo, ile inayofidia ukame, jalidi, wadudu na hiyo mvua ya mawe pia. Je, si nalipia kitu kimoja mara mbili? Nisaidieni kabla sijapanda.

Sokomoko

Shemeji aheshimiwe 😂 Mimi naweka kambi hapa, nasubiri wataalamu.

KipimaHasara

Mtoa mada, nimefanya ukadiriaji wa hasara misimu kadhaa kabla sijahamia kazi ya mjini Regina. Hapana, hulipii kitu kimoja mara mbili.

Bima ya mkoa inaangalia wastani wa kanola yako yote. Tuseme kawaida unavuna busheli (kipimo cha mazao cha huku) 35 kwa ekari na umejikinga kwa asilimia 70. Dhamana yako ni busheli 24.5. Mvua ya mawe ikapita kwenye ekari 100 tu na kuua asilimia 40. Umepoteza busheli 1,400. Zigawe kwa ekari zako 320: wastani umeshuka kwa busheli 4 na kitu, unabaki na 30 na ushee. Uko juu ya dhamana, hupati hata senti. Kwa bei ya dola 14 kwa busheli, ni karibu dola 20,000 zimelala chini na wewe unaangalia.

Hii ya mvua ya mawe inahesabu pale pale ilipopiga. Ekari zile zile 100, asilimia 40 ya dola 300, unapewa dola 12,000. Ukichukua mkataba wenye eksesi ya asilimia 10, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ikitolewa moja kwa moja kwenye ile 40, unapata 9,000, lakini ada inakuwa ndogo. Na mvua ya mawe huwa hivyo hivyo ulivyoona, inapita kwenye mkanda, wewe unapigwa na jirani haguswi. Ndiyo maana wakulima wa huku waliianzishia bima yake peke yake. Shirika la bima la manispaa za vijijini za Saskatchewan lipo tangu 1917.

Tofauti nyingine: kwenye ile ya mkoa, ada unayochangia ni asilimia 40, iliyobaki serikali kuu na mkoa. Hii unajibeba mwenyewe, ndiyo maana inauma.

Mtata wa Red Deer

Mkuu usidanganywe. Mimi nilipigwa mwishoni mwa Juni, shamba limebaki vijiti. Akaja mtu wao baada ya wiki mbili, akainama, akahesabu hesabu zake, akaniandikia asilimia 12! Nilitamani nimkalishe pale pale alale aione. Tangu siku hiyo sikati.

Halafu si kuna ndege zinarushwa kumwaga dawa kwenye mawingu huku Alberta? Zifanye kazi basi.

KipimaHasara

Mtata, pole, lakini hizo wiki mbili hazikuwa uzembe. Kanola ikipigwa ikiwa bado majani, inachipua matawi kutoka kwenye makwapa ya majani. Ukikadiria siku ya pili unaona kaburi, baada ya siku kumi unaona shamba. Ngano ikiwa changa nayo vivyo hivyo, ile sehemu yake inayochipua bado iko chini ya udongo. Ikipigwa ngano imetoa suke, au kanola imejaza maganda, hapo hakuna kurudi.

Kinachouma kweli ni kwamba kanola iliyochipua upya inachelewa kukomaa, na jalidi ya Septemba ikiipata, hiyo si hasara ya mvua ya mawe tena. Hapo ndipo ile ya mkoa inaingia. Kwa hiyo mtoa mada, ukiacha moja, unaacha na kipande cha nyingine.

Kuhusu ndege: zipo tangu 1996, zinapulizia iodidi ya fedha kwenye mawingu, na wanaolipa ni kampuni za bima. Ila wanalinda nyumba na magari ya Calgary, Red Deer na miji ya katikati hapo. Kanola yako haimo kwenye ramani.

Mtata wa Red Deer

Sawa mwalimu. Lakini 12 bado ni wizi.

ChaiNandi

Boss, mimi niko Nandi Hills, sijawahi kuona hiyo kanola, lakini mvua ya mawe naijua. Ukanda wetu na Kericho ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa siku nyingi zaidi kwa mwaka. Sisi inapiga majani, na majani ndiyo mshahara. Inapita dakika kumi, unakaa wiki kadhaa ukingoja chai ichipuke, na kiwandani unalipwa kwa kilo. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu matawi hapa shambani kwangu. Ukiniuliza dola 18, nitauliza nilipe wapi.

Mama Njegere

Mdogo wangu, sisi tuko Manitoba na mume wangu, tunalima ngano, kanola na njegere. Kosa lako ni kukata kinga ile ile kwenye ekari zote kuanzia siku ya kwanza. Sisi tunaanza na kinga ndogo, labda dola 150. Ikifika mwisho wa Juni tunapita shambani kwa miguu. Ikionekana mazao yamekaa vizuri, tunapiga simu kuongeza, shamba likiwa zima. Likishapigwa hawakuongezei. Ila usisubiri sana, kampuni nyingine zina kikomo chao kwa kila township (kipande cha ardhi cha seksheni 36) na wakijaza, wamefunga.

Muulize wakala wako: ukipigwa, una siku ngapi za kutoa taarifa? Mwaka mmoja tulikuwa tumeshaanza kuvuna mkadiriaji hajafika. Tukaambiwa tuache mistari ya mazao bila kuvunwa ili apate cha kupima. Tukaiacha, mume wangu ananung'unika kila akiigeuza kombaini. Ile mistari ndiyo iliyotulipa.

Na msalimie huyo wa Tabora.

Sokomoko

Kuna mtu ameshawahi kuona jiwe kubwa kabisa? Nasikia ya Alberta yanavunja vioo.

KipimaHasara

Tarehe 1 Agosti 2022, karibu na Markerville, Alberta, waliokota moja la gramu 292.71, upana milimita 123. Lilivunja rekodi ya Cedoux, hapa hapa Saskatchewan, ya 1973: gramu 290. Lakini mkulima hauawi na hayo makubwa. Yale ya ukubwa wa njegere, mengi, yenye upepo nyuma yake, ndiyo yanamaliza shamba.

Mlima_Kanola

Wakuu nimewasoma wote, asanteni sana. Nimeongea na wakala leo. Mwaka huu robo ya mashariki inaingia ngano, hiyo naiacha na bima ya mkoa peke yake. Robo ya kanola nimeikata kwa dola 150 yenye eksesi ya asilimia 10, nitaongeza mwisho wa Juni kama Mama Njegere alivyosema. Taarifa ni ndani ya siku tatu, nimeandika kwa kalamu nyekundu ukutani jikoni.

Shemeji yenu ameisoma, akauliza jirani naye amekata ngapi.