Ukoo wa Ngamiani: kupima Jumamosi

Mwanaidi, saa 1:10 asubuhi: Asalaam alaykum, ndugu zangu. Nakumbusha kuwa Jumamosi asubuhi wote waliotimiza miaka 40 tunakwenda Hospitali ya Bombo kupima presha na sukari, na kwa ajili ya kipimo cha sukari mtu asile chochote tangu usiku, anywe maji tu.

Mwanaidi, saa 5:40: Mmesoma na hakuna aliyejibu. Presha haipigi hodi; mtu huishi nayo miaka mingi bila kuumwa kichwa, huku moyo ukichoka na figo zikiharibika. Vipimo vikirudia kuonesha 140 kwa 90 au zaidi, huo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Bakari: Waalaykum salaam, dada. Nitakuja, mradi daktari asinikataze mkate wa ajemi.

Rehema: Na kachori za jioni zisiguswe.

Mwanaidi: Bakari, nazungumzia sigara zako, soda za kila mchana, na chumvi unayomwagia samaki kabla hujaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, na hapo imehesabiwa hata ile iliyomo kwenye ng'onda.

Shangazi Zuhura, saa 9:15 alasiri: Maneno yako ni ya kweli, mwanangu. Lakini marehemu kaka yangu alipokuwa akisafishwa damu, tuliomba mchango humu humu, na watu wakanyamaza.

Bakari: Shangazi, mimi nilituma.

Shangazi Zuhura: Ulituma baada ya arobaini.

Salma: Bibi ananiambia niandike hivi: "Nimezika wanangu wawili, mmoja kwa figo na mmoja kwa kiharusi, na wote waliacha dawa walipojisikia nafuu. Bakari, Ijumaa ulale hapa kwangu, Jumamosi tutaondoka pamoja. Zuhura, hilo la mchango tutalikalia kikao, lisisemwe kwenye simu."

Bakari: Shikamoo, Bibi. Nimesikia.

Mwanaidi: Ahsante, Bibi. Sasa naomba majina, pamoja na gari la kumchukua Bibi, kwa kuwa magoti hayamruhusu kupanda daladala.

Salim, saa 4:50 usiku: Samahanini, nilikuwa kazini. Gari lipo, ila Jumamosi nimeahidi kupeleka watu Pangani. Haiwezekani ikawa Jumatatu?

Rehema: Jumatatu mimi nina zamu.

Mwanaidi: Salim, Bibi ameshasema Jumamosi. Nani mwingine ana gari?