Ukombozi kwa lugha ya mkoloni, inawezekana?

Mzizi: Wakuu, Fanon, yule daktari wa Martinique aliyepinga ukoloni, kaandika Kifaransa. Cabral, kiongozi wa ukombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde, alisema wazi kwamba Kireno ni kati ya vitu bora walivyotuachia Wareno. Lugha ni silaha, ukiiokota vitani unapigana nayo. Hawa wanaolilia lugha za mama naona wengi ni watu wa hisia tu.

Kaskazi: Hisia?? Ngugi, mwandishi wa Kenya, riwaya zake za Kiingereza ziliisema serikali vibaya sana na hawakumgusa. 1977 akashirikiana na wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamiriithu wakacheza igizo kwa Kikuyu, igizo likapigwa marufuku na mwaka haujaisha yuko ndani. Hisia hazimpeleki mtu jela ya Kamiti ndugu yangu, waliomfunga walijua sasa anasikika na nani.

Mzizi: Cabral umemruka. Na Soweto, Afrika Kusini, 1976 watoto walikufa wakikataa Kiafrikana, Kiingereza mbona hawakukikataa?

Bi Tatu: Soweto usiichezee hivyo mdogo wangu. Makaburu waliagiza hesabu zifundishwe kwa Kiafrikana, mtoto haelewi na mwalimu mwenyewe hakijui vizuri, ndo wakaandamana. Na huyo Cabral unayemtaja kila saa, chama chake cha PAIGC kule porini watu wa makabila tofauti waliunganishwa na Krioli, lugha ya mchanganyiko ya huko, Kireno kilikuwa cha darasani. Nyie mnaotetea lugha za wakubwa ndo haohao mnawasemesha watoto wenu Kiingereza mpaka bibi yao wanashindwa kumsalimia.

Mzizi: Dada nakuheshimu ila watoto wangu wameingiaje hapa? Wanamsalimia bibi yao vizuri tu. Mtu akikosa hoja anaingia nyumbani kwa watu.

Pwani Moja: Jibu swali kaka, nyumbani mnaongea nini? Maana huko ndo mkoloni alikobaki.

Kaskazi: Jamani turudi. Fanon pale hospitali ya Blida, Algeria, alikuwa anaongea na wagonjwa wake Waalgeria kwa mkalimani. Daktari wa akili! Mtu anakueleza ndoto zake na wewe unazipata kupitia nesi, alafu tunaambiwa lugha ni silaha tu, yoyote inafaa.

Mzizi: Na huyohuyo wa mkalimani ndo aliacha kazi 1956 akajiunga na FLN, wapigania uhuru wa Algeria, wakati kuna waliozaliwa na Kiarabu mdomoni walibeba bunduki upande wa Ufaransa. Lugha ya mama iliwasaidia nini hao? Nijibuni hilo, watoto wangu waacheni.