Tupeane uzoefu: Mwili unapobadilika, imani inakusaidiaje kuutendea wema?

Mwanzisha mada
Bwana asifiwe wapendwa. Wale ambao miili imewageuka, iwe ni uzazi, umri, maradhi au dawa, karibuni tuambiane ukweli. Kilichonisukuma ni 1 Wakorintho 6:19, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Siku hizi kila nikiusikia mstari huo, ujue kuna mtu anasemwa unene. Anza kusoma mstari wa 18 uone: Paulo anakemea zinaa, kiuno cha mtu hakukigusa. Tena hekalu ni mahali Mungu anakaa, sasa mbona tunalitukana kila asubuhi mbele ya kioo? Mimi nimeshika Waefeso 5:29, mtu hauchukii mwili wake, huulisha na kuutunza. Wewe je? Leta kisa chako, mahubiri tuyaache kwanza 😀

Mama Pacha
Nilijifungua mapacha kwa upasuaji. Tumbo la uzazi hurudi kwenye ukubwa wake baada ya kama wiki 6, lakini la nje lilibaki limetokeza miezi na miezi, watu wananipisha viti wakijua nina mimba nyingine. Nikajikomoa kwa mazoezi ya kulala chali na kuinuka, likazidi kutokeza. Mtaalamu wa viungo alinishika tumbo akanionyesha kwamba misuli ya katikati iliachana wakati wa ujauzito, na yale mazoezi yalikuwa yanaisukuma zaidi. Akanipa ya kuvuta pumzi, polepole. Nikayageuza kuwa maombi: pumzi hii namtaja Kulwa, inayofuata Doto. Misuli imekaribiana, ila kovu na michirizi vipo palepale. Yesu alifufuka na makovu yake, Tomaso akaambiwa ayaguse (Yohana 20). La kwangu nilifiche la nini?

Besi wa Kwaya
Wanaume nasi tupo jamani. Shida yangu ni goti, gegedu imelika. Tangu ujana nimeomba nikiwa nimepiga magoti, kwa hiyo kuomba nikiwa kitini kulinikosesha raha, kama mtoto anayesalimia wazee bila kuinuka. Mke wangu ndiye aliyenifungulia Waebrania 11:21: Yakobo aliabudu akiegemea fimbo yake. Ni yule yule aliyeteguka nyonga kule Penieli! Sasa naomba nimekaa, na jioni natembea kidogo kwa sababu daktari amesema goti lisipotumika hukakamaa na misuli inayolishikilia hulegea. Mazoezini kwa kwaya nimeomba kiti. Vijana wanacheka. Wacheke, zamu yao inakuja.

Neema Tu
Natumia vidonge vya prednisoloni kwa ugonjwa wa viungo. Dawa hiyo imenivimbisha uso ukawa duara, na kila Jumapili nasikia "umenawiri, Mungu amekutendea!" Unaitikia amina huku unaumia. Muombaji mmoja alinishauri niache dawa nioneshe imani. Sikuacha. Daktari alishanieleza kwamba ukizitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala, hivyo dozi hupunguzwa kidogo kidogo. Kukatisha ghafla ni hatari. Paulo alimwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia imani yake ni haba. Nikimeza kidonge nasema asante Bwana, basi.

Dada Mkubwa
Mimi hedhi imekoma. Kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma ukipitisha miezi 12 bila kuiona. Kabla ya hapo ni joto la ghafla katikati ya ibada, usingizi wa mang'amung'amu, hasira zisizo na mwenyewe. Kanisani tunanong'ona, wakati Mwanzo 18:11 inasema waziwazi kwamba Sara alikuwa amekoma katika desturi ya wanawake. Kama Musa hakuona haya, mimi ni nani? Nimemwambia mume wangu, nimemwona daktari, na mikesha ya usiku kucha nimeipumzisha. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa, malaika alimletea mkate na maji, akala, akalala tena (1 Wafalme 19). Hakuongezewa mfungo.

Msema Kweli
Mnabembeleza udongo. 1 Timotheo 4:8, mazoezi ya mwili yafaa kidogo. Halafu wengine watatumia huu "wema" kuhalalisha uvivu na ulafi.

Mwanzisha mada
Kaka, "kidogo" si "hayafai". Na soma tena hapo juu: Mama Pacha anafanya mazoezi, Besi anatembea, Neema anameza dawa kwa wakati. Mvivu ni nani hapo? Ulafi ni dhambi, nakubali, ila huwezi kuujua kwa kumtazama mtu umbo.

Mama wa Binti
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Binti yangu ana miaka 13, mwili umeanza kubadilika, juzi kasimama mbele ya kioo akasema "nina mapaja mabaya". Maneno hayo ni yangu, kayasikia kwangu. Nimeacha kujisema mbele yake, na jioni tunasoma pamoja Zaburi 139, ile ya kuumbwa kwa jinsi ya ajabu, ila bado ananiangalia kama simaanishi. Waliopitia haya na mabinti, mlianzia wapi?

Dada Mkubwa
Nilianzia kwenye picha. Nilikuwa nakataa kupigwa, nikaanza kukaa naye kwenye picha. Njoo pembeni nikueleze yaliyobaki, marefu.