Naomba ushauri: nateleza na magwiji wa hoki, barafu sijawahi kuikanyaga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Wete. Kaka yangu aliyeko Toronto kanipatia nafasi ya kuteleza uwanjani na wachezaji wastaafu wa Maple Leafs, timu ya huko ya hoki ya barafuni na timu yangu ya roho, ijapokuwa Kombe la Stanley, la ubingwa wa ligi yao, haijalibeba tangu 1967 (msinicheke, mapenzi hayachagui).

Shida ni kwamba barafu naijua ya kwenye juisi ya ukwaju tu. Nikijifunzia viatu vya magurudumu hapa kwenye lami, vitanisaidia au vitaniharibu? Vile vina breki ya mpira. Vya barafu unasimama kwa kugeuza vyuma ubavu, na hapo ndipo ninapoogopa kuvunjika kiuno mbele ya wazee wa watu. Na kofia ngumu, inakaa vizuri juu ya mtandio? Waliowahi kuteleza, hasa kina dada, nielekezeni.