Wajukuu wa Bibi: safari ya Matema

JUMATANO

Lusajo: Shikamooni wakubwa. Ijumaa tunashuka Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, tunalala siku mbili. Tuko wanne: mimi, Neema, Baraka na rafiki yake Baraka wa Iringa. Elfu arobaini kila kichwa, humo humo nauli, malazi na msosi. Nani anaongezeka?

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Kwa elfu arobaini mnakula nini, mchanga?

Neema: Mama jamani 🙈

Lusajo: Mama, tunabeba sufuria mbili, unga, mafuta na vitunguu. Mchele tunanunua Ipinda, samaki tunawasubiri wavuvi asubuhi. Hema la kwetu, tunalipia kiwanja tu.

Baraka: Mimi nilisema Zanzibar

Lusajo: Ulisema Zanzibar, na mpaka sasa hivi umechanga elfu thelathini. Hiyo ya Zanzibar ungeishia Makambako.

Anko Gwakisa: Marahaba wote. Lusajo, mkipanda kosta pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, msifike mpaka Kyela mjini, mtazunguka bure. Shukeni Kikusya, mshike gari la Ipinda kwenda Matema. Kilomita 39 hizo. Na vizuri mmechagua wikiendi, maana soko la vyungu la Lyulilo ni Jumamosi. Siku za soko magari yapo, hata kama utakalia ndoo ya mtu. Nenda Jumanne uone, utashinda Ipinda unahesabu kuku.

Lusajo: Ndiyo maana nimeipanga hivyo Anko 😎

Anko Gwakisa: Usinidanganye, mimi ndiye nilikwambia mwaka jana.

Shangazi Atu: Nimesikia Lyulilo?? Nileteeni chungu. Cha maharage, si cha kuweka maua.

Lusajo: Shangazi, sisi tunatembea kwa miguu. Tukitoka Lyulilo tunapanda njia ya miamba mpaka kijiji cha Ikombe.

Shangazi Atu: Kwani wale akina mama wa Kikisi wanaovifinyanga wanavileta kwa helikopta?

Anko Gwakisa: Kwa mitumbwi, dada.

Shangazi Atu: Haya, kwa mitumbwi. Mnunue mkirudi basi. Lusajo nisikilize. Usinunue kwa macho. Kishike mdomoni, kining'inize kidogo, ukigonge na kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, hicho changu. Kikisema "dup", kina ufa, hata kama huuoni. Na muuzaji akianza kupiga stori ndefu unapotaka kugonga, hamia kwa jirani yake.

Tusekile: Mimi ni nesi na mtanichukia, lakini semeni tu. Kuna anayejua dawa ya kichocho inamezwa lini?

Baraka: Siku ya kurudi

Tusekile: Basi nilijua. Mkirudi leo mkameza leo, mmekula vidonge bure. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiisikii. Hesabuni wiki sita mpaka nane tangu mlipoingia majini, ndipo mje kituoni. Na mkioga, ogeni kwenye mchanga mweupe na mawimbi. Pale maji yalipotulia kwenye matete ndipo konokono wanapokaa. Halafu chandarua. Nyie mmezoea baridi ya Mbeya, kule mbu hawana likizo.

Neema: Bibi yupo hapa pembeni, anataka kuongea

Bibi (kwa simu ya Neema): 🎤 sauti, 1:12

Mama Neema: Mimi niko kwenye daladala sisikii, amesemaje?

Neema: Anasema tusiogelee kwenye mdomo wa mto Lufilyo, kuna mamba. Amerudia mara nne. Anasema enzi zake walitoka Tukuyu kwa miguu na walikuwa wanavaa viatu wakikaribia kanisani tu. Na anauliza Baraka ameoa lini.

Baraka: 😐

IJUMAA

Lusajo: Saa kumi na mbili asubuhi, Nane Nane. Baridi ya Julai hii inatafuna masikio. Kosta imejaa nusu, konda anasema "tunaondoka sasa hivi".

Lusajo: Saa moja na nusu. Tunaondoka sasa hivi.

Neema: Isyonje hatuoni hata mita kumi mbele, ukungu. Ila viazi tunaviona, vimepita dirishani 😂

Anko Gwakisa: Msinunue viazi mkawabebea watu wa mchele.

Neema: Rafiki wa Baraka ameshanunua debe

Mama Neema: Huyo mtoto ni wa nani?

Neema: Tukuyu: nimevua koti. Baada ya Tukuyu: nimevua sweta. Kikusya: nimebaki na tisheti na nimejuta kuvaa soksi. Nguo zote za safari nimezivua ndani ya kosta moja.

Lusajo: Kikusya tumekaa saa moja na robo. Kuna dereva wa Noah alituona na mabegi akatutajia bei ya wazungu. Neema akamwitikia kwa Kinyakyusa, bei ikashuka kabla hajamaliza salamu.

Shangazi Atu: Ndaga fijo (asante sana) mwanangu. Lugha ni nauli.

Lusajo: Humo ndani tuko kumi na moja, na jogoo. Pande zote mashamba ya mpunga na migomba, na mbele huko mlima umesimama kama ukuta. Nimeuliza kama ni mawingu. Noah nzima imenicheka.

Anko Gwakisa: Safu za Livingstone hizo. Huko juu ni Makete, Bulongwa, watu wamevaa makoti. Chini hapo mnatokwa jasho. Kuna watu wanateremka kutoka Kitulo mpaka Matema kwa miguu. Hiyo si safari ya kujaribu bila mwenyeji, na si kwa mtu mwenye debe la viazi.

JUMAMOSI

Lusajo: Picha 📷📷📷

Tusekile: Maji gani haya? Hii bahari?

Neema: Ni Nyasa dada. Upande wa pili hauonekani vizuri, mawimbi yanapiga usiku kucha. Baraka alitoka hemani saa tisa akadhani mvua.

Lusajo: Asubuhi tumenunua samaki mbasa kutoka kwenye mtumbwi, bado anarusha mkia. Wali wa Ipinda na mbasa wa kuchoma. Mama, ule mchanga mtamu sana.

Mama Neema: Hahaha haya nimekoma.

Lusajo: Tumefika Lyulilo, ni nusu saa tu kufuata ufukwe. Vyungu vimepangwa mchangani mpaka karibu na maji, vidogo ndani ya vikubwa, na majani makavu katikati visigongane. Wanunuzi wa jumla wanapakia kwenye lori. Shangazi, nimegonga sita. Watano walisema dup.

Shangazi Atu: Vitano vilisema, siyo watano walisema. Hicho cha sita?

Lusajo: Kengele. Nimemwambia mama muuzaji anihifadhie mpaka nirudi kutoka Ikombe. Hakutaka hela ya kutanguliza. Amesema "utapita hapahapa, njia ni moja".

(saa tatu baadaye)

Neema: Ilikuwa kweli, njia ni moja na ni nyembamba. Kushoto mlima, kulia maji, na mnapishana na mtu mwenye mzigo kichwani, nyie ndio mnaogandamana na mwamba. Bibi mmoja alitupita na kuni, ametuambia pole. Sisi tulikuwa tumekaa.

Baraka: Kuna kijana alitaka kutuvusha kwa mtumbwi. Mimi nilikuwa tayari

Anko Gwakisa: Mawimbi yakoje?

Lusajo: Yana povu. Upepo wa kusini.

Anko Gwakisa: Basi miguu. Miezi hii upepo huo ukishika kasi baada ya saa sita mchana, hata wenyeji wanavuta mitumbwi juu. Lile ziwa lina kina kama cha mita 700, halichezi na mtu wa Zanzibar.

Baraka: Anko na wewe 😭

Neema: Ikombe tumemkuta mama anafinyanga nje ya nyumba. Hana mashine. Udongo ameuweka juu ya kigae, mkono mmoja ndani, mmoja nje, anazungusha taratibu huku anaongea na sisi na anamkaripia mtoto. Nimejaribu. Changu kimekuwa sahani. Mtoto amecheka mpaka akakaa chini.

Tusekile: Mmekunywa maji ya kutosha?

Lusajo: Tumekunywa yote. Viazi vya yule rafiki wa Iringa tumeviacha hapa kama zawadi. Ndilo jambo la maana tumefanya leo.

JUMATATU

Lusajo: Hesabu. Zimechangwa 150,000. Nauli kwenda na kurudi watu wanne 76,000. Kiwanja cha hema siku mbili 40,000. Chakula 29,500. Zimebaki 4,500. Baraka unadaiwa 10,000.

Baraka: Nilibeba hema

Lusajo: Ulilibeba kwenye kosta.

Mama Neema: Kwa hiyo kweli mmekula kwa hiyo hela? Mwezi wa tisa na mimi naenda. Ila mimi silali chini.

Anko Gwakisa: Mwezi wa tisa tupande meli ya MV Mbeya II pale bandari ya Kiwira, twende mpaka Mbamba Bay, tuone vijiji vya chini ya mlima ambavyo miguu yenu haijafika. Ilizinduliwa 2021, inachukua abiria 200.

Neema: Ratiba yake ikoje Anko?

Anko Gwakisa: Nitapita bandarini mwenyewe nikaulize. Meli haiulizwi kwa simu.

Shangazi Atu: Jamani chungu nimekipata, Lusajo ahsante. Kimelia kengele mpaka jirani amekuja kuuliza. Sasa nina swali moja.

Lusajo: Karibu Shangazi

Shangazi Atu: Nani alikitumia kubebea viatu?

Neema: Baraka

Baraka: Vilikuwa vimeloa, na mlisema kisigongane na kitu kigumu

Shangazi Atu: Kaa tayari na hiyo elfu kumi yako, sabuni na maji ya moto. Ninakuja.